Muuguzi Mbele ya Mama Kijana Anayepigwa

Ukatili wa mwenza dhidi ya msichana aliyebeba mimba yake ya kwanza humweka muuguzi mbele ya swali ambalo mafunzo ya uuguzi peke yake hayalimalizi. Muuguzi anamwona mtu anayeumizwa. Anajua nani anamuumiza, na mara nyingi anajua kwamba ataumizwa tena. Hana mamlaka ya kumtoa katika nyumba ile, wala hawezi kukesha mlangoni akimlinda. Akinyamaza, ukimya wake unamnufaisha mpigaji. Akiamuru, anakuwa mtu wa pili anayemwamulia binti huyo maisha yake. Kwa hiyo kabla halijawa suala la tiba, hili ni suala la maadili: mtu anayeweza kusaidia lakini hawezi kuokoa ana wajibu gani, na hiari ya anayesaidiwa ina uzito gani pale ambapo hiari hiyohiyo ndiyo inayopigwa?

Si jambo la wachache. Makadirio yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2021 yanaonyesha kwamba, kati ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mume au mpenzi, karibu asilimia 27 wamewahi kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu na mwenza. Kwa wasichana wa miaka 15 hadi 19 kiwango ni asilimia 24. Kukaribiana kwa namba hizo mbili kunasema mengi: ukatili huu huanza mapema, katika miaka ileile ambayo wengi wao hupata kifungua mimba. Utafiti wa WHO wa nchi mbalimbali uliotolewa mwaka 2005 ulikuta kiwango cha asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 Mbeya, na kati ya wanawake waliowahi kushika mimba, asilimia 7 wa Dar es Salaam na asilimia 12 wa Mbeya walisema walipigwa wakiwa wajawazito. Katika Tanzania hiyohiyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba. Kipigo wakati wa mimba huleta kutokwa damu, uchungu kabla ya wakati na watoto wanaozaliwa na uzito mdogo. Humchelewesha mama kuanza kliniki, na baada ya kujifungua humfungulia mlango wa sonona.

Mahali ambapo swali hili limechunguzwa kwa muda mrefu ni Marekani, katika mpango unaojulikana kama Nurse-Family Partnership. Mwanzilishi wake, David Olds, alianza mwishoni mwa miaka ya 1970 katika mji wa Elmira, jimbo la New York, kwa utafiti wa wajawazito 400. Muuguzi humtembelea nyumbani mama wa uzazi wa kwanza, akianza mimba ikiwa bado haijafika mbali na kuendelea mpaka mtoto atimize miaka miwili. Anamfundisha lishe, malezi, na namna ya kupanga masomo au kazi. Utafiti wa Elmira ulipofuatiliwa miaka 15 baadaye, familia zilizotembelewa zilikuwa na taarifa za watoto kuteswa au kutelekezwa zilizopungua kwa karibu nusu kulinganisha na familia ambazo hazikutembelewa. Ni matokeo yaliyoufanya mpango huo ujulikane na kuigwa katika nchi nyingine.

Lakini mwaka 2000 John Eckenrode na wenzake walirudi kwenye takwimu hizohizo na kuuliza jambo ambalo halikuwa limeulizwa: je, matokeo hayo yalipatikana pia katika nyumba ambazo mama alikuwa anapigwa? Jibu lilikuwa zito. Kadiri matukio ya ukatili yalivyokuwa mengi, ndivyo faida ya ziara za muuguzi kwa usalama wa mtoto ilivyopungua. Kwa akina mama walioripoti zaidi ya matukio 28 katika miaka ile 15, faida hiyo haikuonekana tena kitakwimu. Muuguzi alikuwa amekwenda, amefundisha, amepima uzito wa mtoto, na mle ndani kulikuwa na nguvu iliyofuta kazi yake.

Sababu ya hali hiyo inapatikana katika msingi wa mpango wenyewe. Olds aliujenga juu ya nadharia kadhaa, mojawapo ikiwa ya mwanasaikolojia Albert Bandura kuhusu imani ya mtu kwamba anaweza kutenda na tendo lake likazaa kitu. Mama anayeamini hivyo huacha sigara, hurudi shule, hunyonyesha, hujifungua salama, hupanga uzazi. Kila somo la muuguzi linapitia imani hiyo. Nayo ndiyo imani ambayo ukatili wa mwenza unailenga. Mwanamume anayempiga msichana kwa sababu amechelewa sokoni, anayeshika simu yake, anayetupa vidonge vyake vya uzazi wa mpango, anamfundisha somo moja tu: uamuzi wako hauna matokeo, uamuzi wangu ndio wenye matokeo. Walimu wawili wanafika katika nyumba moja na masomo yanayopingana. Mmoja huja mara mbili kwa mwezi, mwingine analala humo.

Hapo jibu la kimaadili linaanza kuonekana. Kama kiini cha ukatili ni kuipora hiari ya mtu, basi msaada unaompora hiari hiyo kwa mara ya pili, hata kwa nia njema, unaendeleza madhara kwa mikono mingine. Muuguzi anayesema "ondoka leo, la sivyo sirudi tena" amesema maneno ya kweli kuhusu hatari, lakini ameyasema kwa lugha ambayo msichana ameshaizoea nyumbani: fanya ninavyotaka au uone.

Mwanafalsafa wa Uingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake kuhusu uhuru cha mwaka 1859, alitoa mfano wa mtu anayekaribia kuvuka daraja bovu. Kama hakuna muda wa kumwonya, ni halali kumshika na kumzuia, kwa sababu hakutaka kuanguka mtoni. Wengi humwona mama kijana anayepigwa kama mtu wa mfano huo. Tofauti ni kwamba mama huyu anajua daraja ni bovu. Anaijua kila mbao iliyooza, anajua siku zipi mume hurudi amelewa, anajua kelele ipi ya mlango ina maana gani. Asichokiona ni ng'ambo iliyo salama. Na mara nyingi ana haki ya kuhofu. Jacquelyn Campbell, muuguzi na mtafiti wa Johns Hopkins, aliyetunga katika miaka ya 1980 dodoso la kupima hatari ya kuuawa na mwenza, aliongoza utafiti katika miji 11 ya Marekani uliotolewa mwaka 2003. Ulionyesha kwamba kuachana na mwanamume mwenye kutawala kila jambo, baada ya kuishi naye, ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya mwanamke kuuawa. Silaha ya moto mikononi mwa mwanamume na vitisho vya kuua vilikuwa katika orodha hiyohiyo. Kwa hiyo amri ya "ondoka" haina uhakika wa kumpeleka salama. Inaweza kumpeleka kwenye siku ya hatari kuliko zote, akiwa na mtoto mchanga mgongoni na bila mpango.

Wapo wanaopinga hoja hii kwa nguvu, na hoja yao inastahili kusikilizwa. Martha Nussbaum, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu wanawake na maendeleo, anaeleza jinsi watu waliodhulumiwa kwa muda mrefu wanavyoyapunguza matakwa yao mpaka yatoshe kwenye nafasi ndogo waliyoachiwa. Msichana wa miaka 18 aliyemwona mama yake akipigwa, na sasa anapigwa yeye, anaweza kusema "mimi sina shida" kwa dhati kabisa. Kuheshimu kauli hiyo bila kuuliza zaidi ni kuheshimu kazi ya mpigaji. Pingamizi hili ni la kweli, lakini halihalalishi kuamuru. Linadai jambo gumu zaidi, yaani kukaa na mama huyo muda wa kutosha mpaka matakwa yake yaanze kupanuka. Muuguzi ana haki, tena ana wajibu, wa kumwambia waziwazi kwamba anachotendewa ni kosa, kwamba hakukisababisha, na kwamba kinamdhuru mtoto. Kusema ukweli si kulazimisha. Kinachokatazwa ni kuugeuza ukweli huo kuwa sharti la kupata huduma.

Afrika Mashariki inaliongezea swali hili upande ambao Mill hakuuona. Msichana wa Mbeya au wa Kilifi mara nyingi haamui peke yake, na hatarajii kuamua peke yake. Kuna mama, shangazi, bibi, mshenga aliyepeleka posa, wazee waliopokea mahari. Ukoo huo unaweza kuwa kimbilio la kwanza na la haraka kuliko ofisi yoyote. Unaweza pia kumrudisha binti kwa mume asubuhi inayofuata kwa sababu mahari imeshatumika. Muuguzi anayemchukulia mama kijana kama mtu asiye na watu anakosea, na anayewakabidhi wazee shauri zima bila kumuuliza mwenyewe anakosea zaidi. Swali la busara ni lile linalomwachia msichana ufunguo: katika watu wako, ni nani ukimwambia atakuamini? Hata namna ya kuitana ina uzito hapa. Nesi mtu mzima humwita mama kijana "mwanangu", na neno hilo humfungulia moyo. Lakini mtoto hutarajiwa kutii, na anayeitwa mwanangu anaweza kukubali ushauri mbele ya nesi kwa adabu tu, kisha asiutekeleze kwa kuwa haukuwa wake.

Kizito kuliko hoja za wanafalsafa, kwa wengi wa akina mama hawa, ni dini. Msichana anapofika kliniki anakuwa tayari amesikia mahubiri yake: ndoa ni kuvumiliana, mke mwema hafichui ya nyumbani, subira huvuta heri. Muuguzi si mhubiri wala shekhe. Lakini asipojua lolote kuhusu mafundisho hayo, hawezi kuelewa mwanamke aliye mbele yake anapambana na nini, na atamwacha aamini kwamba Mungu yuko upande wa kipigo.

Mapokeo ya Kikristo yanayo kumbukumbu ngumu katika jambo hili. Augustino, mtoto wa Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria, anamsifu mama yake Monika katika kitabu cha tisa cha Maungamo yake. Baba yake, Patricius, alikuwa mtu wa hasira kali. Monika alimtuliza kwa kunyamaza, na wanawake wenzake walipomjia na alama za kipigo usoni aliwalaumu kwa ndimi zao na kuwakumbusha kwamba mkataba wa ndoa uliwafanya kuwa watumishi. Kwa karne nyingi simulizi hiyo imesomwa kama mfano wa mke mtakatifu, na waungamishi wengi wametoa ushauri huohuo. Kanisa lenyewe halikuishia hapo. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenzi kutengana na mwenzake anayemletea yeye au watoto hatari kubwa ya roho au mwili. Maaskofu wa Marekani, katika waraka wao wa mwaka 1992 kuhusu ukatili wa majumbani, walisema hakuna anayetarajiwa kubaki katika ndoa ya mateso. Utakatifu wa Monika haupungui kwa kusema kwamba ushauri wake kwa wale wanawake haukuwa sehemu ya utakatifu huo.

Katika Uislamu, neno subira hubebeshwa mzigo ambao wanazuoni wakubwa hawakulibebesha. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika mlango wa subira na shukrani wa Ihya Ulum al-Din anaigawa subira kwa hukumu zake: ipo ya faradhi, ipo ya sunna, ipo ya makuruhu, na ipo ya haramu. Kuvumilia madhara ambayo sheria imeyakataza, anasema, kwenyewe kumekatazwa, na mfano wake ni wa mtu anayekatwa mkono, yeye au mtoto wake, naye ametulia anastahimili. Ni vigumu kupata fundisho lililo karibu zaidi na hali ya mama mwenye mimba anayepigwa tumboni. Aya ya 231 ya Surat Al-Baqara inakataza mume kumzuia mke kwa lengo la kumdhuru. Kuhusu Aya ya 34 ya Surat An-Nisaa, ambayo wapigaji huikimbilia, wanazuoni wameitia mipaka tangu kale, na Ata ibn Abi Rabah, mwanazuoni wa Makka wa kizazi cha baada ya Masahaba, aliona mume akasirike lakini asimpige mkewe. Mipaka hiyo haijulikani sana barazani, na ni haki ya kila mama kijana kuijua.

Hofu nyingine ya msichana Mwislamu ni kwamba akimweleza nesi atakuwa amemsengenya mumewe. Imamu An-Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, anataja sababu sita zinazohalalisha kusema ubaya wa mtu asiyekuwepo. Ya kwanza ni mwenye kudhulumiwa kumshtakia anayeweza kumsaidia, na nyingine ni kuomba fatwa. Mfano wake ni Hindi binti Utba, aliyekwenda kwa Mtume kumlalamikia mumewe Abu Sufyan kwa ubahili. Ikiwa mke aliruhusiwa kusema kuhusu fedha za matumizi, aliyevunjwa mbavu hana sababu ya kuogopa dhambi anaposema. Wauguzi wa Unguja, Mombasa au Tanga wanaolifahamu jambo hili wanaweza kulisema kwa sentensi mbili, au kumwelekeza mama kwa kadhi au shekhe anayejulikana kwa uadilifu. Sentensi mbili hizo zinaweza kufungua mdomo uliofungwa kwa mwaka mzima.

Mdomo ukishafunguka, linakuja suala la siri. Mwanateolojia Thoma wa Akwino alifundisha kwamba siri mtu aliyokabidhiwa lazima itunzwe, isipokuwa pale ambapo kuitunza kunaleta madhara kwa jamii au madhara makubwa kwa mtu fulani. Sheria za leo zinagombana juu ya mpaka huohuo. California inamlazimisha mhudumu wa afya kuripoti polisi majeraha yanayotokana na shambulio. WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, haikubali mhudumu kulazimishwa kuripoti polisi ukatili wa mwenza kwa mwanamke mtu mzima, kwa sababu mwanamke anayejua kwamba kusema ni kushtaki huacha kusema, na pengine huacha kuja. Kwa mtoto hali ni tofauti, na hapo ndipo mama kijana anaponaswa. Katika jiji la New York akina mama waliopigwa walikuwa wananyang'anywa watoto kwa kosa la kuwaacha washuhudie kipigo, mpaka Mahakama ya Rufaa ya jimbo hilo, katika kesi ya Nicholson mwaka 2004, ilipoamua kwamba mtoto kushuhudia mama akipigwa hakutoshi peke yake kumfanya mama huyo kuwa mzembe kwa mtoto wake. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Kumwadhibu aliyepigwa kwa sababu ya kupigwa ni dhuluma, iwe imetiwa muhuri na ofisi gani.

Tanzania Bara suala linakuwa gumu zaidi, kwa kuwa mama mwenyewe anaweza kuwa mtoto kisheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za haki za mtoto kuvunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu iliona vifungu hivyo vinakiuka Katiba katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Sheria hiyohiyo ya Ndoa, katika kifungu cha 66, inasema hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, jambo ambalo wanandoa wengi hawajawahi kuambiwa. Na tangu mwaka 2016 anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Kwa hiyo msichana wa miaka 16 anayeulizwa "nani anakupiga?" anasikia maswali mengi ndani ya swali moja: je, nimtaje baba wa mtoto afungwe, nani atanilisha, na wazazi wangu waliopokea mahari watapona?

Hakuna njia safi ya kupita hapa, lakini kuna njia ya uaminifu. Mipaka ya siri hutajwa kabla ya swali kuulizwa. Muuguzi anasema mapema ni mambo gani yatabaki kati yao wawili na yapi sheria inamtaka ayapeleke mbele, ili msichana achague atakachosema akijua. Kumvuta aseme yote kwa ahadi ya siri, kisha kupiga simu akishatoka, ni kuvunja amana, hata simu hiyo ikiwa ya lazima. Palipo hatari ya kifo kwa mama au mtoto, siri inaondoka. Katika hilo Akwino na sheria wanakubaliana. Hata hapo mama huambiwa kwanza, na inapowezekana simu hiyo inapigwa akiwepo.

Utekelezaji wa haya yote unategemea mambo madogo. WHO haikupendekeza kila mwanamke aulizwe kila mahali. Imetaka kwanza kuwe na faragha, mhudumu aliyefundishwa, utunzaji wa siri na mahali pa kumpeleka mwenye shida. Msaada wa kwanza unaofundishwa ni kusikiliza bila kuharakisha, kumuuliza anahitaji nini, kumhakikishia kwamba anaaminiwa, kupanga naye usalama wake na kumuunganisha na msaada. Kliniki nyingi za wajawazito Tanzania huwahimiza akina mama waje na waume zao hudhurio la kwanza, sera iliyozaa matunda katika kupima virusi vya UKIMWI. Lakini sera hiyohiyo humketisha mpigaji kwenye kiti cha pili chumbani, na swali la ukatili likiulizwa mbele yake ni afadhali lisingeulizwa. Kadi ya kliniki nayo hukaa nyumbani, mume huisoma. Kuandika humo kwamba mama amepigwa ni kumpelekea mume taarifa. Aliyejeruhiwa huhitaji fomu ya PF3 kutoka polisi, na Dawati la Jinsia na Watoto lipo katika vituo vingi, lakini mama anayenyonyesha, asiye na nauli, hawezi kuzunguka ofisi tatu kwa siku moja. Ndiyo sababu Vituo vya Mkono kwa Mkono, vinavyoweka tiba, polisi na ustawi wa jamii chini ya paa moja, vina thamani kubwa kuliko semina nyingi.

Je, kazi hii inafaa kitu? Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, wakiongozwa na Susan Jack, walitengeneza mafunzo maalumu ya kuwasaidia wauguzi wa mpango ule wa Marekani kukabili ukatili wa mwenza, wakayapima katika maeneo 15 ya majimbo 8 kwa akina mama 492. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti katika ubora wa maisha ya akina mama miaka miwili baada ya kujifungua. Uholanzi, kwa upande mwingine, utafiti wa ziara za wauguzi kwa wajawazito 460 walio chini ya miaka 26 ulionyesha mwaka 2013 kwamba ukatili ulipungua. Marekani kwenyewe, mpango wa DOVE wa Phyllis Sharps na wenzake, uliowahusisha wanawake 239, ulipunguza ukatili pia. Matokeo yamegawanyika, na ni lazima yasemwe hivyo. Huduma isiyobadilisha maisha ya mama inapaswa kuendelea kurekebishwa. Wema wa nia hauipi kinga dhidi ya kuchunguzwa. Hata hivyo thamani ya kumsikiliza mtu aliyedhulumiwa haitokani na kipimo hicho pekee. Mgonjwa asiyepona hapotezi haki ya kuhudumiwa, na mama ambaye hajaondoka hapotezi haki ya kuaminiwa. Ukatili humfundisha kwamba hakuna anayemwona. Muuguzi anayerudi ziara baada ya ziara bila kumlaumu kwa kubaki ameupinga ukatili kwa jambo lililo ndani ya uwezo wake.

Anayebeba kazi hiyo naye ni mtu. Wauguzi wengi wa Afrika Mashariki ni wanawake, na baadhi yao wanarudi jioni kwenye nyumba zinazofanana na zile wanazozisikiliza mchana. Mpango wa Marekani humpangia kila muuguzi familia zipatazo 25 na msimamizi anayemsikiliza kila wiki. Nesi wa kituo cha afya cha kata anaweza kuhudumia wajawazito zaidi ya hao kwa asubuhi moja. Kumdai subira na hekima bila kumpa muda ni kumtwisha jukumu la nchi nzima. Waganga wakuu wa wilaya na wauguzi viongozi wanaopanga zamu wanaweza kuanza bila kusubiri bajeti mpya. Wampe mama mjamzito dakika kumi peke yake kabla mume hajaitwa ndani, katika chumba chenye mlango unaofungika. Wahakikishe kwamba namba za dawati la polisi, ofisa ustawi wa jamii na kituo cha karibu zinapatikana kweli zikipigwa. Na wampe muuguzi anayeyasikia haya saa moja kwa wiki ya kusikilizwa na mwenzake.